Wazo Halina Pasipoti: Kutoka Kikombe cha Babu Hadi Nyungu ya Sydney

 Maneno haya niliyasema Jumamosi moja mwaka huu mbele ya Waswahili wenzangu tunaoishi magharibi mwa Sydney, katika mkutano wetu wa jumuiya, baada ya chakula na kabla ya taarifa ya mweka hazina. Baadhi waliniomba niyaweke kwenye maandishi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, vicheko tu ndivyo nimevipunguza.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wale wasio na upande, habari za mchana.

Mimi ni muuguzi. Nina miaka 38, shahada yangu niliipata Dar es Salaam, na sasa ni miaka zaidi ya kumi nafanya kazi za zamu wodini hapa Sydney. Nimeombwa nizungumze juu ya namna mawazo yanavyoenea katika jamii yetu, mtu mmoja hadi mwingine, mpaka yanakuwa kama ya kila mtu. Nadhani Mwenyekiti alitegemea nije kuwasema watu wanaoamini uzushi. Samahani, Mwenyekiti. Leo nimekuja kujisema mwenyewe, na mtaona kwa nini.

Nianze Loliondo. Mwanzoni mwa mwaka 2011 nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Wenye umri wangu na kuendelea mnakumbuka. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, katika kijiji cha Samunge, wilaya ya Ngorongoro, alisema Mungu amemwonyesha ndotoni dawa inayotokana na mti wa mugariga. Kikombe kimoja, shilingi 500, basi. Ukimwi, kisukari, saratani, pumu, vyote. Kufikia Machi foleni ya magari ilikuwa ya kilometa nyingi, watu wanalala njiani siku kadhaa, na wagonjwa mahututi waliotolewa hospitali wakafia humo humo kwenye foleni. Walikuja kutoka kila mkoa, wakaja na kutoka Kenya. Mawaziri na vigogo nao wakaenda, wengine kwa helikopta, na picha zao wakiwa na kikombe mkononi tuliziona magazetini.

Sasa tujiulize. Mchungaji yule hakuwa na ofisi ya matangazo wala bango. Nani alijaza barabara ile?

Kwa upande wa familia yangu, aliyeijaza ni shemeji wa mjomba wangu. Mjomba alikuwa na kisukari. Shemeji alipata ujumbe wa simu kutoka kwa mfanyakazi mwenzake, akautuma kwa mjomba, na mjomba akautuma kwa watu wanane kabla hata hajakata tiketi. Akapanda basi kutoka Tanga mpaka Arusha, akatafuta gari la kwenda Samunge, akakaa kwenye foleni siku nne, akanywa. Aliporudi alitupigia simu wote: nimepona. Akaacha vidonge vyake.

Mimi mwanafunzi wa uuguzi nilijua maana ya kuacha vidonge vile. Nilimwambia mara moja tu, tena kwa sauti ya chini kama inavyompasa mpwa, naye akanijibu, "Mwanangu, hata waziri kanywa." Nikanyamaza. Mwaka 2013 mjomba alikatwa mguu chini ya goti.

Ndugu zangu, mjomba hakuwa mjinga. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Kwa hiyo ile hoja yetu ya kila siku, kwamba uzushi unaenea kwa sababu watu hawajasoma, mimi niliiacha siku ile. Lazima tutafute maelezo mengine.

Mwaka 1976 mwanabiolojia wa Uingereza, Richard Dawkins, aliandika kwamba wazo linaweza kutazamwa kama kitu kinachojizalisha, kinachotoka kichwa kimoja na kuingia kingine kwa njia ya kuiga. Akakipa jina, meme, alilolitoa kwenye neno la Kigiriki la kuiga. Vijana wetu leo wanalitumia jina hilo kwa picha za kuchekesha kwenye simu, lakini hoja ya mwanzo ilikuwa nzito zaidi: wazo linaloenea sana si lazima liwe la kweli, wala si lazima limfae anayelibeba. Linachohitaji ni kubebeka.

Tupime kikombe cha Babu kwa kipimo hicho. Kwanza, kilikuwa chepesi kukumbuka: kikombe kimoja, shilingi 500. Linganisha na maelezo ya daktari kuhusu kisukari: vidonge asubuhi na jioni maisha yako yote, punguza wali, kagua nyayo zako kila siku. Lipi utaliweka kwenye ujumbe mfupi wa simu?

Pili, kilikuja na ushuhuda, na ushuhuda una tabia moja ambayo sisi wa wodini tunaijua vizuri. Aliyepata nafuu anasimulia. Aliyekufa hatumi ujumbe. Hospitali inalazimika kuhesabu wote, waliopona na waliokufa, lakini simu inahesabu waliopona tu. Ukipokea shuhuda ishirini unadhani umeona wagonjwa ishirini, kumbe umeona waliobaki.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, kilibebwa na mapenzi. Ukisikia kuna dawa, na una ndugu anaumwa, halafu usimwambie, wewe ni mtu wa namna gani? Kutuma ni upendo, kunyamaza ni roho mbaya. Shemeji hakutaka kumdhuru mjomba. Alimpenda.

Nne, wakubwa walikipa mbawa. Waziri anapokunywa hadharani hasemi neno, lakini ameshasema.

Na kikazaa watoto. Hazikupita wiki nyingi wakaibuka watoa vikombe wengine, Mbeya, Tabora, Rombo, kila mmoja na ndoto yake na kikombe chake. Wazo lilikuwa limeshamtoka mwenyewe.

Jambo hilo la wazo kumtoka mwenyewe si la zama za simu. Mwaka 1905 kusini mwa nchi yetu, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji na kusema risasi za Wajerumani hazitawadhuru waliyoyapokea. Ujumbe ulikwenda kwa mnong'ono, kutoka ukoo hadi ukoo, kutoka kabila hadi kabila, kati ya watu wasiokuwa na simu wala gazeti lao. Mwezi Julai watu wa Nandete waling'oa pamba ya Mjerumani na vita ikaanza. Mwanzoni mwa Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile. Wazo lilisimama? Tarehe 30 Agosti, mwenyewe akiwa kaburini, maelfu walilivamia boma la Mahenge wakiamini yale maji, wakapokewa na bunduki za rashasha.

Tuliofundishwa historia hiyo shuleni tunajivunia umoja ule, na ni haki yetu. Lakini mnong'ono mmoja ulibeba vitu viwili kwa pamoja: kwamba tunaweza kuungana, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba risasi itageuka maji, jambo ambalo halikuwa kweli. Aliyeupokea hakuweza kuvitenganisha.

Sasa nije kwangu.

Mnakumbuka hali ya nyumbani wakati wa corona. Mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu zilisimama, wagonjwa 509 na vifo 21, na zikabaki hapo kwa zaidi ya mwaka. Tarehe 3 Mei Rais Magufuli akiwa Chato alisema sampuli za papai na mbuzi zimepimwa na kukutwa na corona. Juni akatangaza kwamba ugonjwa umeondoka kwa maombi. Januari 2021, Chato tena, akatilia shaka chanjo. Na tarehe 1 Februari waziri wa afya, Dk. Dorothy Gwajima, akaonyesha mbele ya waandishi wa habari kinywaji cha tangawizi, kitunguu, limau na pilipili. Mimi si mwanasiasa. Nasema tu kwamba mwaka 2011 kikombe kilipanda kutoka kwa wananchi hadi kwa mawaziri, na mwaka 2020 nyungu ilishuka kutoka kwa wakubwa hadi kwetu. Barabara ni ile ile.

Februari 2021 watu walikuwa wanazikana nyumbani, na mimi niko huku, mipaka imefungwa, siwezi kwenda hata msibani. Mama yangu mdogo akanitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga. Dakika tatu. Anaeleza namna ya kujifukiza: mchaichai, majani ya mpera, mwarobaini, limau, unajifunika blanketi. Nyuma ya sauti yake jogoo anawika na mtu anatwanga. Mwishoni akasema, "Lakini mwanangu, mtu akizidiwa, muwahisheni hospitali."

Niliusikiliza ndani ya gari, kwenye maegesho ya hospitali, baada ya zamu ya usiku, nikalia. Kisha nikautuma kwenye kundi la kina mama wa Kiswahili wa hapa Sydney, na juu yake nikaandika: Sikieni dawa ya nyumbani, inasaidia. Sikuutuma kwa sababu ya dawa. Niliutuma kwa sababu ya jogoo. Lakini jogoo si kitu mtu anachokumbuka. Walichokumbuka ni kwamba nesi katuma.

Ujumbe ukalala. Sydney haikuwa na corona ya kutisha wakati ule. Kisha ikaja Delta. Tarehe 26 Juni 2021 jiji likafungwa, na lilikuja kufunguliwa Oktoba 11. Halmashauri 12, nyingi za huku kwetu magharibi, Blacktown, Cumberland, Fairfield, Liverpool na nyingine, zikawekewa masharti makali kuliko wenzetu wa pwani. Wanajeshi wakagonga milango. Agosti ikaja amri ya kutotoka nje usiku, saa tatu mpaka saa kumi na moja alfajiri. Wengi wetu hapa tuliingia Australia kutoka kambi za wakimbizi. Mtu aliyekimbia askari Fizi au Bujumbura, akimwona askari mlangoni, hasikilizi anasema nini kuhusu chanjo.

Na chanjo yenyewe ilikuja na kauli mbili mbili. Aprili 8 wataalamu walisema wenye umri chini ya miaka 50 ni bora wapate Pfizer kuliko AstraZeneca, kwa sababu ya tatizo adimu la damu kuganda. Juni 17 wakapandisha umri hadi 60. Kitaalamu walikuwa wanafanya sawasawa, ushahidi ukibadilika ushauri unabadilika. Lakini jebeni, kwenye simu taarifa hiyo ilibaki maneno manne: chanjo inagandisha damu, wamekiri.

Wiki ya tatu ya Julai nikapokea ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemfahamu vizuri. Umeandikwa: "Nesi wa hospitali kubwa ya Sydney amethibitisha nyungu inaua corona siku tatu. Wanaficha. Tuma kwa wote unaowapenda." Chini yake kuna sauti. Naifungua. Jogoo anawika. Ni mama mdogo wangu.

Dakika tatu zilikuwa zimebaki dakika moja na nusu. Mtu alikata mwisho wake. Ile sentensi ya kuwahi hospitali haikuwepo tena. Na mimi niliyeandika "inasaidia" nikawa nimethibitisha kuwa "inaua".

Ndugu zangu, sidhani kama kuna mtu mmoja mwovu aliyekaa akapanga hivyo. Mmoja alikata ili iwe fupi. Mwingine aliongeza "hospitali kubwa" ili mama yake akubali. Mwingine akaongeza "wanaficha" kwa sababu ndivyo alivyohisi. Kila mmoja alisukuma kidogo, na kila sehemu iliyodondoka ni ile iliyokuwa na tahadhari. Tahadhari ni nzito kubeba.

Agosti, nikiwa zamu ya jioni, akaletwa mama mmoja Mkongo ninayemfahamu, tumekula naye harusi mbili. Ameniruhusu nilisimulie hili bila jina lake. Alikuwa amekaa nyumbani siku tisa anajifukiza. Ugonjwa ule una hila: oksijeni inashuka kwenye damu wakati mgonjwa bado anaongea na hajisikii vibaya sana. Nikiwa nimevaa barakoa, miwani na gauni la plastiki, akanitambua kwa sauti. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini mmechelewa hivi?" Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Si ni weye njo ulisema?"

Hakunilaumu. Alidhani ananisifu kwamba amefuata maagizo.

Alipona. Alitoka baada ya wiki tano, na mpaka leo ngazi za stesheni anazipanda kwa kupumzika. Mumewe aliugua siku zile zile na yeye hakupona. Sitasema kwamba ujumbe wangu ndio uliomuua, kwa sababu sijui, naye alikuwa na maradhi mengine. Ila siwezi pia kusema kwamba haukuhusika. Na hilo ndilo ninalolala nalo.

Tulifanya nini? Kwanza niseme kisichofanya kazi. Karatasi zilizotafsiriwa zilikuwepo, nilizigawa mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa sahihi, lakini hakikuwa cha mtu. Hakuna shangazi anayeongea hivyo.

Nikarekodi sauti. Sekunde hamsini. Nikasema jina langu na jina la mama yangu mdogo. Nikasema: mimi ndiye yule nesi, mliyoambiwa nimethibitisha sikuyathibitisha, na nilikosea kutuma. Sikuitukana nyungu. Nikasema anayetaka ajifukize, aangalie asijiunguze, lakini anunue kipimo cha oksijeni cha kidoleni, ikishuka chini ya 95 apige simu kwa daktari, ikifika 92 au chini ya hapo apige 000 hapo hapo. Na nikasema mimi nimechanjwa, na aliye na hofu anipigie.

Walinipigia. Wengine walinitukana pia, mmoja akauliza nimelipwa dola ngapi na wazungu. Lakini baadhi ya kina mama walikuja kituo cha chanjo kwa makundi, kama wanaokwenda kitchen party, wakipigana picha. Picha zile ziliwaleta wengine. Siku hizo hizo nyumbani, Julai 28, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, na picha yake kwenye simu ilinisaidia kuliko vipeperushi vyote. Siku mbili baadaye, Julai 30, Mchungaji Masapila alifariki. Niliposoma habari hizo mbili katika juma moja nilimkumbuka mjomba: hata waziri kanywa. Safari hii mkubwa alichanja.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho bibi zetu walikijua. TANU ilipoanzishwa Julai 1954, haikuwa na redio. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma, alipita kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, wakajiunga kwa maelfu. Wazo la uhuru lilipita kwenye mtandao wa lelemama, harusi na misiba, kwa sababu huko ndiko watu walikuwa wanaaminiana tayari. Hakuanza kwa kuwaambia wanawake wale kwamba hawajui kitu. Alianza kwa kuwa mmoja wao.

Kuna dawa za kiufundi pia. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mkupuo, na Aprili 2020 ujumbe uliosambazwa sana ukawekewa kikomo cha mmoja. Kampuni ilisema ujumbe wa namna hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Ni sawa na kupunguza idadi ya watu ambao kila mgonjwa anawaambukiza, jambo la maana kabisa. Lakini kikomo hicho hakijui kama sauti ni ya mama yako mdogo.

Kwa hiyo mimi nimejiwekea maswali matatu kabla ya kutuma chochote, na nawaomba mjaribu. La kwanza: ambaye jambo hili halikumfaa, yuko wapi, na nani alimsikiliza? La pili: ikikatwa nusu, itakayobaki itamfanyia nini mtu? La tatu: niko tayari kuliweka jina langu, na kurudi kusema nimekosea? Kama siko tayari, nampigia mtu simu namsalimia tu. Mara nyingi kumsalimia ndicho nilichokuwa nataka.

Na viongozi wetu, wa nyumbani na wa jumuiya hizi, wa msikitini na kanisani, wajue kwamba wao hawana ujumbe wa binafsi. Kikombe wanachokishika mbele ya kamera kinanywewa na wengi.

Nimalizie. Mwaka 2023 binamu yangu aliyeko Muscat alinitumia sauti. Dakika moja. "Nesi wa Australia amethibitisha." Jogoo bado anawika, ingawa sasa sauti imechakaa kama kaseti ya zamani. Mama yangu mdogo alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla, kwa kiharusi, Mungu amrehemu. Yeye hayupo, na ile sauti bado inatembea, ikiwa imekatwa maneno yake ya mwisho.

Siwezi kuirudisha. Nimeshajaribu. Ninachoweza ni kusema maneno yale kila ninapopewa nafasi ya kusimama, kama leo. Basi nayasema kwa niaba yake: lakini wanangu, mtu akizidiwa, muwahisheni hospitali.